Waya Mwembamba

Jumamosi, saa tano za usiku, Bydgoszcz,
theluji imelala juu ya reli.
Jagna anatoka chumbani, kiganja shavuni,
hasemi kitu. Anafunua mdomo tu,
nami naona: waya umechomoka kwenye gego,
ncha imegeukia ndani, imezama kwenye nyama ya shavu
kama sindano iliyosahauliwa katika pindo la nguo.

Ni tofi, anasema hatimaye. Tofi ya bibi Halszka.
Hata ulimi na meno hugombana, husemwa,
ila hawakutaja msuluhishi
wa saa tano za usiku.

Nampigia daktari. Mashine inajibu: Jumatatu.
Napiga hospitali. Wanauliza, damu inatoka?
Kidogo.
Basi kidogo si dharura, mzee.

Mimi ni fundi wa tramu. Miaka kumi na tisa
nimekata nyaya nene kama kidole gumba
juu ya ngazi, upepo ukinivuta koti,
na mkono wangu haujatetemeka.
Nachukua koleo dogo katika sanduku la kazi,
nalichemsha kwenye sufuria ya mayai,
nalifuta kwa vodka
niliyomwapia Jagna kwamba haimo tena humu ndani.
Anaitazama chupa. Ananitazama.
Haulizi.

Fungua, namwambia.
Taa ya kichwani inamulika pango dogo lenye joto,
vibati kumi na viwili, chakula kimeganda pembeni,
na ufizi mwekundu, umevimba.
Tangu lini ufizi huu umevimba?
Mara tatu napeleka koleo, mara tatu narudi nalo.
Mara ya nne, tak.
Anakitema kiganjani mwangu:
kipande cha waya, nusu ya punje ya mchele.

Jumatatu daktari Gniewosz anachungulia dakika nne.
Hapigi mswaki huyu, anamwambia muuguzi,
kana kwamba aliyelala pale ni kiti chenyewe.
Anabandua vibati kimoja kimoja,
na chini yake kuna miraba myeupe
kama ukutani palipotundikwa picha za watu waliohama,
na katika miraba miwili, kahawia, laini,
shimo.

Ulipobandika hukuyaona haya?
Ananisogezea karatasi. Sahihi ni yangu.
Nilimchagua kwa kuwa alikuwa nafuu,
zloti mia mbili kila mwezi, hakuna maswali.
Rahisi ghali. Hata mimi
sikuuliza.

Mama yake anapiga simu kutoka Oslo:
Ulikuwa wapi wewe?
Nilikuwa zamu. Nilikuwa kochini.
Kila usiku nilisikia bomba likifunguliwa bafuni
nikaamini kwamba mlio wa maji ndio mswaki.

Daktari mwingine, mwanamke mwenye vidole baridi,
anasema moja litazibwa, jingine huenda ling'olewe,
halafu tusubiri akue, liwekwe la bandia.
Nikakumbuka jino pembe, lisilo dawa ya pengo,
nikanyamaza, maana Jagna alikuwa anasikiliza
na ana miaka kumi na miwili
na wiki nzima amekuwa akicheka mdomo umefungwa,
kama mtu anayezuia chafya kanisani.

Sasa tunasimama wawili mbele ya sinki.
Mimi nataja vituo vya tramu, kuanzia karakana,
yeye anasugua, kila kituo jino,
hakuna kuruka, hata kituo kisicho na abiria.
Juzi nilikosea, nikataja daraja kabla ya soko.
Akacheka, povu likaruka hadi kwenye kioo.
Nikayaona yote, miraba, mashimo, yote,
kabla mkono wake haujapanda kuyafunika.

Kisha akasuuza, akafuta kidevu.
Na ile chupa?
Nimeimwaga, nikasema.

Akaivuta taa ya kichwani kutoka msumarini,
akaivaa, ikamshuka hadi kwenye nyusi.
Akanisogelea.
Fungua, akasema.